Nyumba ni Kuanzia Sakafuni

— Milioni nane, Haji! Sitaki saba na nusu, wala sitaki kuambiwa tutaonana. Milioni nane za rupia!

— Na mimi nasema nguzo ishirini na nne, Jumberi. Lete nguzo, chukua pesa.

— Nguzo sikukuuzia!

— Kwa hiyo umeniuzia nyumba isiyo na miguu? Mwanangu, hata kiti hakiuzwi hivyo.

Benchi zima likacheka, na Jumberi akazidi kuwaka. Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu mbele ya banda la kahawa la Acil Rusminah, shangazi wa kijiji kizima cha Muara Lumbah. Nusu ya ubao iko juu ya ardhi, nusu iko juu ya mto, na wenye maneno mengi hukaa upande wa mto kwa sababu huko ni rahisi kutupa majivu ya sigara bila kugombezwa. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa bado umelalia maji. Jumberi, fundi wa injini za mitumbwi, alikuwa amesimama; ni mtu wa kushika moto upesi, lakini hajawahi kumtoza mtu spea ambayo hakuifunga. Haji Darmansyah alikuwa amekaa ametulia. Kazi yake ni kununua nyumba kuukuu za mbao, kuzibomoa, na kuzipakia boti kwenda kuuza mjini. Karibu naye alikuwapo Masrani, waliyembandika jina la Bei Juu, aliyewahi kuwashikia wapima ardhi kamba kwa wiki mbili na tangu siku hiyo anajua bei ya kila kiwanja asichokuwa nacho. Mwishoni kabisa, juu ya maji, alikaa Kaspul, ambaye kwa sababu zitakazoonekana wanamwita Redio.

Habari yenyewe ni fupi. Matishari ya makaa ya mawe yakipita, mawimbi yake yanamega ukingo. Mwaka huu zilibaki hatua tisa tu mbele ya ngazi ya mama yake Jumberi, wakaona heri wauze nyumba kabla mto haujaichukua bure. Walipatana milioni kumi na nane. Kumi zikalipwa siku ileile, nane zingelipwa mbao zikishapakiwa. Mbao zimepakiwa wiki tatu sasa, nguzo tu ndizo zimebaki zimesimama topeni. Mama analala chumba cha nyuma kwa binti yake, masanduku yake yamerundikwa chini ya kitanda, na mwenye kiwanja alichokipenda huko juu kwenye kijito amesema atamngoja mpaka Ijumaa. Na hii ndiyo Ijumaa.

— Tatizo lenu hamwoni mbali, alisema Bei Juu. Barabara inakuja. Ikishafika, pale palipokuwa na nyumba ya mama yako pataulizwa kwa mabilioni.

— Barabara ipite wapi? aliuliza Acil Rusminah huku akigeuza ndizi kwenye mafuta. Kila upande hapa ni tope mpaka kiunoni.

— Itapita juu.

— Juu ya nini?

— Juu ya nguzo! Kwani unadhani Haji anazing'ang'ania za nini?

— Mimi nazitaka kwa sababu nimezinunua, alisema Haji.

— Hujazinunua! Jumberi akapiga ubao, vikombe vikaruka. Hapa kwetu nyumba inauzwa kuanzia sakafuni kwenda juu. Chini ya sakafu ni mali ya ardhi, na ardhi ile ni ya warithi kumi na mmoja. Mmoja yuko Malaysia, wawili hawasalimiani. Siuzi kisicho changu, Haji. Hata msumari!

— Mjini nyumba ni nyumba, mwanangu. Juu yake, chini yake, na choo chake.

— Basi ungeenda kununua mjini.

Redio alikuwa akingoja nafasi, na aliipata.

— Mimi nimesikia kuna hoteli huko Java zinatafuta nguzo kama zile za ulin, mti mgumu kama chuma. Zilizokaa topeni miaka sitini, nyeusi ti! Nguzo moja milioni tano.

— Umesikia kwa nani?

— Kwa mtu anayejua.

— Huyo mtu hana jina?

— Yuko karibu na mambo hayo, siwezi kumtaja. Halafu si hoteli tu. Wajapani wanazikata vipande, wanachemsha, wanakunywa. Dawa ya mgongo.

— Basi njoo uchemshe miguu ya banda langu, alisema Acil. Mgongo wako tangu nikujue haujainama hata kuninyanyulia ndoo.

— Cheka tu, Acil. Ila zile nguzo ziking'olewa, mimi nahama. Zile ndizo zimeshika ukingo. Utamegeka pale, jiko la jirani litakwenda, banda hili litafuata...

— Msikiti je? aliuliza Bei Juu, macho yamemtoka.

— Na msikiti. Kijiji kizima kitakatika kama kipande cha keki, kielee na kuku wetu mpaka baharini.

Bei Juu akafikiri kidogo.

— Hapo ndipo bei itapanda, alisema. Kiwanja mbele ya bahari!

Hata Haji alicheka mpaka akapaliwa na kahawa. Jumberi hakucheka. Jana usiku mama yake hakumuuliza habari ya pesa hata kidogo. Alimuuliza tu kama kule kijitoni kuna mahali pa kufungia mtumbwi, maana magoti yake siku hizi hayapendi kuruka. Jumberi akamwambia papo. Sasa alimtazama Haji akijifuta mdomo polepole kwa leso, kama mtu aliyekuja kupumzika.

— Mimi sina haraka, alisema Haji. Nguzo zipo, pesa ipo.

— Mimi ninayo haraka!

Mtumbwi wa injini ulisogea, ukagusa ngazi ya banda. Alishuka mwanamke mwenye kofia pana ya majani, jembe dogo begani. Jumberi alimtambua, na moyo ukamshuka. Alikuwa Saniah, mwenye kile kiwanja. Hakuwa mtu wa kukaa kwenye benchi hili.

— Jumberi, nimekuja mwenyewe, alisema. Kuna mtu kutoka mjini ameleta pesa kwa ajili ya kiwanja. Sikuzipokea, maana nilishakupa neno langu mpaka leo. Bado mnakitaka, au nimjibu?

— Tunakitaka, dada Saniah. Pesa yenyewe hiyo hapo imekaa, imevaa kofia nyeupe.

Wakaanza kumweleza wote kwa pamoja. Haji akaeleza miguu ya nyumba, Redio akaeleza Wajapani, Bei Juu akachora barabara ubaoni kwa kahawa iliyomwagika. Saniah aliwasikiliza amesimama, kikombe mkononi, mpaka wakaishiwa pumzi.

— Haji, alisema, ulikuja kuiona nyumba mwezi gani?

— Wa kwanza.

— Boti yako uliifunga wapi?

— Pale pale. Kwenye nguzo ya baraza, mlangoni.

— Sasa hizo za chini ulizihesabia wapi?

Wiki tatu Jumberi amepiga kelele na neno hilo halikumjia, kwa sababu kwa mtu wa Muara Lumbah maji kufika mlangoni mwezi wa kwanza si habari ya kusimulia. Aliikumbuka siku yenyewe: Haji akitoka botini moja kwa moja hadi barazani bila kupanda hata kidato kimoja, akagonga kuta, akahesabu madirisha, akahesabu boriti, akataja bei yake mwenyewe. Kumi na nane. Chini ya sakafu palikuwa na maji ya kahawia tu. Miguu ya nyumba aliiona siku ya kupakia, mto uliposhuka, na pale ndipo alipoanza kuidai.

Haji akageuka. Akamtazama Bei Juu. Bei Juu alikuwa ameshughulika na ndizi. Redio alitazama mto, na kwa mara ya kwanza hakuwa amesikia lolote kwa mtu yeyote.

— Haya, alisema Haji akiuvuta mkoba wake mapajani. Tutazungumza vizuri baada ya swala.

Jumberi akaketi, mara ya kwanza asubuhi hiyo. Akasogeza vikombe pembeni, akapangusa ubao kwa kiganja mpaka ukakauka. Sauti ilipomtoka ilikuwa ya chini.

— Milioni nane, Haji. Weka hapa.