Mifupa ya Ukoo wa Fundi

Benchi la mbele ya kibanda cha Fundi Viatu lilijaa mapema siku hiyo, kahawa ikimiminwa, maana habari ilikuwa nzito. Ukoo wa Fundi haukuwahi kuvunjika mfupa. Yeye mwenyewe aliwahi kuanguka kutoka juu ya paa, akajipangusa vumbi, akauliza nyundo iko wapi. Sasa mpwa wake, binti wa marehemu dada yake, aliyefanya kazi maabara, alikuwa ameligundua damuni mwao jeni lenyewe linaloipa mifupa nguvu hiyo. Kampuni yake ilitaka kulikatia hataza, liwe mali ya kampuni peke yake. Binti akagoma: mpaka mjomba aseme ndiyo. Jioni hiyo angekuja kulichukua jibu.

— Mtoto ana kichwa yule! alisema Wakili, ambaye sheria yote aliisomea siku aliyokwenda mahakamani kutoa ushahidi.

— Kamrithi mama yake, Fundi alijibu kwa fahari.

— Basi mpe neno lako. Aliyeona ndiye mwenye mali. Mchimba kisima huingia mwenyewe!

— Hiyo ni ya kutumbukia, wewe! Kinyozi aliangua kicheko. Jeni kaliumba Mungu. Mimi nikikuta kovu kichwani kwa mteja, ni langu?

— Kama wewe ndiye wa kwanza kuliona, lako!

— Haya, upara wa babu yangu naukatia hataza. Wenye vipara wote waniombe ruhusa kabla ya kuvua kofia!

— Cheka tu. Bila hataza, nani atatia fedha zake kwenye dawa? Vikongwe wangapi wanavunjika nyonga wakalala moja kwa moja?

Fundi akapiga goti lake.

— Imetosha. Namwambia ndiyo.

Mke wa mwanawe, mjamzito wa kujifungua wakati wowote, alikuwa amefika kuchukua viatu vyake.

— Hongera kwa wifi, baba. Kweli katutoa kimasomaso. Na huyu wa humu, atazaliwa na mifupa yenu?

— Bila shaka, mama!

— Sasa mali ya kampuni itakuwa imeingiaje tumboni mwangu?

Fundi akasogea kumpisha mkwewe.

— Kaa, mama. Muulize mwenyewe akija. Yule ndiye mwenye kichwa kutushinda sote. Akikosa jibu na yeye, sisemi ndiyo.