Ubishi Chini ya Kilima cha Wafaransa

Benchi letu lipo nje ya nyumba ya Mama Edildi, mpika pombe ya shayiri, pale barabara inapoteremka kwenda Mto Trent, hapa kwetu Uingereza. Zamani ukikaa hapo uliona mapaa ya mtaa wa juu na moshi wake. Siku hizi unaona kilima. Mungu hakukiumba kile; ni udongo uliolundikwa na Wafaransa tangu mfalme wao alipotushinda, na kileleni wamesimamisha mnara wa mbao. Jioni ile ya Januari kulikuwa na manyunyu, na benchini tulikuwa wanne: mimi, fundi mapipa; Askofu, ambaye hajawahi kuwa hata shemasi ila anajua siri zote za kanisa; Nusu Mkate, aliyemaliza mkate mzima wa harusi ya watu akaapa kwamba alikula nusu; na Wulmari, ambaye hana jina la utani kwa kuwa haongei vya kutosha kupewa.

Mpanda farasi mmoja wa Kifaransa alipita. Tuliinuka sote, tukavua kofia. Alipopotea konani, ubishi ukaanza.

— Mmoja! alisema Nusu Mkate. Kapita mmoja tu, tena kijana hana hata ndevu, na sisi tumeinuka kama tumekalia makaa. Hivi hawa jamaa wametuwekea nini?

— Bendera, alisema Askofu. Walikuja na bendera iliyobarikiwa na Baba Mtakatifu mwenyewe, kule Roma. Ukiitazama tu, mkono unakufa ganzi.

— We uliiona?

— Shemeji yangu alikuwa vitani.

— Shemeji yako alikimbia vita haijaanza, bwana! Si alipita hapahapa na kiatu kimoja?

— Ndo nakwambia. Alikimbia kwa sababu aliiona.

Mama Edildi alitoa kicheko cha puani, akatujazia vikombe.

— Mi nasema ni wale farasi, Nusu Mkate akaendelea. Hawali majani wale. Wanalishwa nyama. Mnadhani ng'ombe wa jirani yetu Tholfu walikwenda wapi?

— Ng'ombe wa Tholfu walichukuliwa mchana kweupe na watu wenye miguu miwili, alisema Mama Edildi. Nilikuwa naangalia.

Nikaona na mimi niseme langu.

— Acheni fiksi. Mashamba ya bwana wetu wa zamani kapewa Mfaransa. Mtoto wa bwana wetu kavushwa bahari, kashikwa rehani, ili baba asithubutu kunyanyua upanga. Akiokotwa Mfaransa amekufa kichakani, tunatozwa faini mtaa mzima. Hapo nani ainue mkono?

— Hiyo haitoshi, Askofu akasema, akisogea karibu. Haitoshi kuleta woga kama huu wetu. Ni ule udongo, jamani. Chini kabisa ya kilima wamefukia kengele, mdomo juu. Inalia usiku kucha. Masikio hayaisikii, mifupa inaisikia. Ndo maana mtu unaamka hoi.

— Unaamka hoi kwa sababu umebeba udongo kutwa, alisema Wulmari.

Tukamgeukia. Alikuwa anatazama kikombe chake.

— Hakuna kengele. Nilikuwepo tangu siku ya kwanza. Walibomoa nyumba yangu, halafu wakanipa kikapu. Nikasema moyoni, leo nitabeba, kesho natoroka. Kesho yake nikasema hivyohivyo.

— Sasa ndugu yangu, mbona hukutoroka? aliuliza Nusu Mkate.

— Niende wapi? Kaskazini?

Watu wa kaskazini walikuwa wameasi, na mfalme alikuwa amepeleka jeshi lake huko. Tulishaona moshi, na watu waliokonda wakipita na vifurushi. Na ndiko alikotoka mama mmoja aliyekuwa akishuka barabara wakati ule, anasukuma mkokoteni uliofunikwa ngozi ya kondoo. Alisimama mbele yetu, akaomba maji. Mama Edildi alimpa pombe ya moto, wala hakungoja shukrani.

— Umetoka wapi, mama? nikamuuliza.

— Ng'ambo ya mji wa Yoki.

— Ni kweli wanachoma?

— Wamemaliza kuchoma. Nyumba, maghala, mpaka majembe. Ng'ombe waliwaua wakawaacha waoze palepale. Hawakuwa na njaa wale. Walitaka sisi ndo tusile.

Yule mama alimaliza kikombe, akafuta midomo, akaweka kiganja juu ya ile ngozi.

— Nina mwanangu humu. Sunniva. Amekata roho leo asubuhi, hapo kwenye kijito. Nyinyi hapa mnazika wapi?

Hatukuwa na pa kuzikia. Kanisa letu lilibomolewa, na uwanja wa makaburi uko chini ya kilima: baba zetu, mama zetu, na mke wa Wulmari, ambaye mumewe alitiwa kikapu mkononi aende kumfukia mara ya pili. Padri wetu alifukuzwa. Kwa muda tulikuwa tunawavusha wafu daraja, kwenda kanisa la ng'ambo. Kisha kaskazini ikaasi, askari wakalifunga daraja. Tangu hapo upande wetu alikuwa hajafa mtu. Mama yake Nusu Mkate alikuwa amelala wiki nzima hali chakula, na hata yeye Nusu Mkate hakuwahi kutuuliza atamzika wapi.

Yule mama alitutazama mmoja mmoja.

— Nimeuliza vibaya?

— Hujauliza vibaya, mwanangu, alisema Mama Edildi.

Wulmari aliweka kikombe chini, akaenda akashika mikono ya mkokoteni.

— Unampeleka wapi? nikamuuliza.

— Sijui. Lakini kusukuma naweza.

Wakaanza kushuka kuelekea mtoni, yule mama akitembea pembeni, mkono wake haubanduki kwenye ngozi. Nusu Mkate aliingia ndani, akatoka na sepetu ya Mama Edildi, akawakimbilia bila kuvaa kofia.

Tulibaki wawili. Askofu alikuwa akigeuzageuza kikombe kitupu.

— We unayakumbuka maneno ya kuzikia mtoto? akaniuliza kwa sauti ndogo.

Nilimwambia nayakumbuka ya mwanzo tu. Akasema yeye hata hayo hana uhakika nayo. Tukainuka, tukawafuata.