Tupokigwe Tuliyedhani Hachoki

Ndugu waombolezaji, mimi Gwalugano Kibona, kaka wa marehemu, nimepewa na ukoo jukumu la kusoma historia hii, nami nitaisoma kama ilivyopitishwa jana kikaoni, isipokuwa sentensi moja, ambayo nitaieleza tutakapoifikia.

Marehemu Tupokigwe Isaka Kibona alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 hapa Itumba, Ileje, akiwa mtoto wa pili na wa kike pekee wa marehemu mzee Isaka na mama yetu Tumpale, aliyeketi hapa mbele. Alisoma shule ya msingi hapahapa kuanzia 1979 hadi 1985, akamaliza kidato cha nne Mbeya mwaka 1989, na Juni 1992 akaajiriwa Tunduma kuwa karani wa uwakala wa forodha, kazi aliyoifanya hadi mwisho, ambako foleni ya malori ilipofika hadi eneo la Mpemba na madereva wakafoka dirishani, yeye aliwatania mpaka wakapoa, na wale wa Zambia wakamwita bamayo, yaani mama.

Tarehe 7 Septemba 1996 alifunga ndoa na Timotheo Mtafya, wakajaliwa watoto wawili, Lusubilo na Roda. Timotheo alifariki mwaka 2018, na miezi mitatu baadaye, mama alipopooza upande mmoja, kikao cha ukoo kiliamua akae kwa Tupokigwe, kwa sababu, na maneno haya yalikuwa yangu, yeye ana mtazamo mzuri, hachoki.

Sikatai kwamba mtazamo wake ulimsaidia, maana nilimwona akibeba mengi ambayo mimi yangeniangusha. Ninachokiri ni kwamba tuliuchukua ucheshi wake kuwa ushahidi wa nguvu isiyo na kikomo, wala hatukuuhoji, kwa kuwa ulitufaa.

Sasa tumeifikia sentensi ile: rasimu iliyopitishwa inasema aliugua kwa muda mfupi. Si kweli. Tarehe 11 Machi 2024 alinipigia simu akasema, "Kaka, kichwa kinauma wiki ya tatu sasa, presha haishuki, naomba mama akae kwako hata mwezi mmoja." Nilimjibu kwamba msongo ni mtazamo tu, abadili anavyoyatazama mambo. Akacheka. "Haya, wakili, umeshinda kesi," akasema, nami nikalihesabu shauri kuwa limekwisha. Hakuomba tena. Tarehe 6 Februari 2025 alipata kiharusi akiwa anamwogesha mama, akafariki siku mbili baadaye hospitalini Vwawa. Daktari ameandika shinikizo la damu. Siwezi kuthibitisha kwamba mwezi ule mmoja ungemwokoa, wala siwezi kuthibitisha kwamba usingemwokoa, na ninaona aibu kulisema hili mbele ya watoto wake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea, wafanyakazi wenzake wa mpakani, na majirani wa Tunduma, waliokuwa wakimgeuza mama kitandani wakati sisi kaka zake watatu tukituma salamu.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu. Mama anaondoka na mimi leo.