Pipa la Maharagwe la Hooyo Batula

Siku pipa lilipofunguliwa, Alhamisi tarehe 8 Septemba 1994, tulikuwepo watu watano: mwalimu mkuu Daud Mowlid, muuguzi Hinda, msimamizi wa stoo ya shule, ambaye jina lake silitaji hapa msibani, mama yangu Batula Gelle, tunayemwombea dua leo, na mimi Sabirin, kitindamimba wake, nikiwa na mtoto mgongoni.

Hooyo, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisomali, alizaliwa Hadado, cheti kikisema tarehe 1 Januari 1948, tarehe ambayo karani aliwapa wote waliopanga foleni siku ile, lakini nyanya alisema ni asubuhi waliyokuwa wakipakia ngamia kuhamia kisima kingine. Alisoma duksi, chuo cha Kurani, huko huko, na kuandika jina lake alijifunza katika ngumbaru hapa Garissa mwaka wa 1981. Tarehe 5 Machi 1966 aliolewa Eldas na marehemu baba, Korane Rage, mchungaji wa ngamia, wakajaliwa watoto wanne, na mwaka wa 1979 aliajiriwa mpishi katika shule ya bweni hapa Garissa, ambako alijua ni mtoto gani ameng'oka meno ya mbele, akimpondea chakula chake kwa mwiko.

Maharagwe ya stoo ile yalikuwa uchafu. Niliyaona kwa macho yangu, yametobolewa kama chujio, vumbi la kinyesi cha fukusi likinata kwenye kucha, na sufuria ikichemka, povu lilipanda na miguu na mabawa. Mei 1994 msimamizi aliyanyunyizia dawa ya kuogeshea ng'ombe, watoto kumi na mmoja wakatapika matapishi yanayonuka josho, naye Hooyo akawaosha mmoja mmoja kwa leso yake mwenyewe. Alipolalamika, msimamizi alimwambia, "Mama, hawa ni watoto wa wafugaji, matumbo yao ni ya ngamia," Hooyo akachota bakuli, akamsogezea, akasema, "Basi wewe mkubwa wao, bismillahi." Hakula. Nikikumbuka alivyokunja pua kwa chakula alichowapa watoto wa watu, natapika moyoni hadi leo.

Hooyo alijaribu kwanza hagar, utomvu ambao baba aliwapaka ngamia kufukuza kupe, na fukusi walikufa kweli, ila maharagwe yalinuka kwapa la ngamia, watoto wakagoma. Mwalimu mkuu akampa pipa moja la maharagwe na muda wa miezi mitatu, akishindwa aache kazi. Hooyo akachuma kivumbasi kando ya Tana, akakichemsha, akakinga mvuke kwa kifuniko chenye maji baridi juu yake, akakusanya mafuta machache yaliyoelea juu ya maji yaliyodondoka kutoka kwenye kifuniko, akayadondoshea kitambaa, akakining'iniza ndani ya pipa na kuliziba.

Siku ile ya kulifungua, msimamizi alizamisha mkono hadi kwenye kiwiko akitafuta mdudu, akautoa mtupu, unanukia kivumbasi, na dawa ya ng'ombe ikaondolewa stoo jioni hiyo hiyo.

Figo zilianza kumsumbua Januari 1998, akafariki hospitalini hapa Garissa Jumapili tarehe 14 Februari 1999, akazikwa alasiri hiyo. Tunawashukuru madaktari, Hinda aliyemkata kucha bila kuombwa, majirani waliotujazia mitungi, na wapishi wenzake waliomwimbia akicheka. Hooyo, pumzika sasa, Mola akurehemu.

Ambula, maharagwe ya kuchemsha, tuliyokula mchana huu imetoka katika pipa alilolifunga mwenyewe tarehe 20 Novemba 1998, na hatukuchambua hata mdudu mmoja.