Chupa Tatu za Fundi Presha

Benchi lenyewe lilikuwa mlango wa zamani, bado una bawaba moja, uliolazwa juu ya ndoo mbili za rangi zilizojazwa zege. Kushoto alikaa Soli, fundi viatu, maana kivuli cha ukuta hudumu upande huo. Katikati alikaa Wakili, ambaye hakuwa wakili hata kidogo. Kazi yake ilikuwa kuwajazia watu fomu, na jina alilipata kwa kuwa hajawahi kukubali kushindwa. Kahawa ilikuwa ya Moto, aliyeuza akiwa amesimama, birika mkono huu, vikombe mkono ule. Kulia kabisa, penye bawaba inayochoma, palikuwa pa fundi bomba waliyemwita Presha, kwa sababu kila tatizo la maji, na hata lisilo la maji, yeye aliliona ni la presha. Ijumaa hiyo asubuhi Presha alifika na mfuko wake wa spana, akaketi, na kabla hajasalimia akatoa humo chupa tatu za mtoto, akazipanga juu ya benchi.

— Umefungua duka? aliuliza Moto.

— Zote kazikataa, alisema Presha. Hii ya Jumanne, hii ya juzi, hii ya jana. Bosi hataki. Nimetumwa nikatafute ya nne, isiyofanana na hizi.

Bosi alikuwa binti yake wa miezi miwili, aliyewahi kuzaliwa wiki tano kabla ya siku zake, mdogo kiasi kwamba baba alimlaza kwenye mkono mmoja na kiganja kikabaki na nafasi. Kwenye ziwa la mama alinyonya kidogo, akachoka, akalala. Kliniki wakashauri mama akamue maziwa, mtoto aongezewe kwa chupa. Akaanza vizuri, polepole, ila vizuri. Halafu wiki hii akagoma ghafla, na kwenye kadi yake mstari wa uzito ukasimama pale pale. Likizo ya mama ilikuwa inaisha. Jumatatu anatakiwa kiwandani, nyuma ya cherehani yake, saa moja kamili, la sivyo nafasi yake anapewa mwingine.

— Mimi naona uko wazi huo mgomo, alisema Wakili. Hakushirikishwa. Mtu kazoea mama, mnamletea chupa bila taarifa, bila kikao. Ningekuwa yeye ningegoma pia.

— Mgomo gani wa mtu asiye na jino? alisema Soli. Ni harufu hiyo. Mimi ni mtu wa mipira, nakwambia, mpira mpya una harufu inayokwenda mpaka kichwani. Ifungeni chupa kwenye nguo ya mama yake, ilale humo.

— Imelala humo siku mbili, alisema Presha.

— Basi joto, alisema Moto, akimimina. Mteja akinirudishia kikombe hata siulizi. Kahawa imepoa. Maziwa mnayapima?

— Kwenye kifundo cha mkono. Kila mara.

Wakili aliinua chupa ya katikati, akaigeuza, akakunja uso.

— Haya, kumbe. Tazameni hapa. Kuna dubu.

— Huyo sungura, alisema Moto.

— Awe sungura, awe nani, anamkodolea mtoto macho! Nani kati yenu anaweza kula huku mnyama anamwangalia mdomoni?

— Hizi mbili hazina picha, alisema Presha kwa uchovu.

— Kwa hiyo tatizo ni wewe, alisema Soli. Mtoto anategemea kuona uso laini, anakutana na ndevu. Mlishe ukiwa nyuma ya pazia. Toa mkono na chupa tu.

— Au vaa nguo za mama yake, alisema Wakili.

Presha alikitazama kikombe chake muda mrefu kuliko ilivyostahili kahawa iliyokuwamo.

— Presha, alisema Moto taratibu. Usiniambie.

— Blauzi. Jana jioni.

— Ikakutosha?

— Mkono mmoja.

Walicheka mpaka mlango ukapiga kelele juu ya ndoo zake. Presha naye alitabasamu, kwa heshima ya benchi, lakini tabasamu halikufika mbali. Wakili, aliyeona kesi inamnogea, akaendelea: huenda nyumba imeelekea upande mbaya, huenda kitanda kihamishwe, huenda Bosi ni mtu wa kikombe, kuna watu huzaliwa hivyo, wakubwa tangu tumboni, kwao chupa ni dharau.

— Na sindano yangu, Presha? Soli alikumbuka ghafla. Uliniazima tangu Jumanne. Nashona viatu vya watu kwa msumari, kama mfungwa.

— Ipo, kaka. Nitakuletea.

Ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake, imeviringishwa karatasi. Aliihisi kila alipopumua.

Sasa, pale mbele ya Soli, kwenye kigoda cha wateja, alikuwepo mwanamke akisubiri mkanda wa kiatu chake. Mguu mmoja ulikuwa mtupu, umekanyaga kipande cha boksi. Alikuwa kimya tangu mwanzo, nao wakamsahau, kama watu wanavyoisahau redio iliyozimwa.

— Samahani, baba Bosi, alisema. Kabla ya kukataa, mtoto anafanyaje?

— Analia. Ana miezi miwili tu, na alizaliwa kabla ya siku zake.

— Kabla ya kulia.

Presha alifikiri. Siku nne hizi watu wote walikuwa wamemuuliza habari za chupa. Huyu wa kwanza kumuuliza habari za mtoto.

— Anafungua macho, alisema. Makubwa. Anatanua vidole, hivi. Halafu anakohoa, na maziwa yanamtoka pembeni ya mdomo. Siku hizi akiiona tu chupa anageuza shingo.

— Naomba moja. Na maji, kaka wa kahawa, yale safi.

Moto akajaza. Mwanamke akaipindua chupa juu ya vumbi. Maji yalishuka kwa mstari mmoja mwembamba, mnyoofu, bila kukatika.

— Si yanatoka vizuri! alisema Wakili.

— Hapa nani mwenye maneno kuliko wote?

Moto na Soli walinyoosha vidole kwa pamoja. Mwanamke akaisuuza chuchu ya chupa, ule mpira wa kunyonyea, akampa Wakili.

— Egemea ukuta, baba. Kichwa nyuma. Nyonya, na usiache mpaka niseme.

Wakili alinyonya kwa madaha, jicho moja kwa watazamaji. Funda la kwanza lilipita. La pili likamkuta bado ana la kwanza. La tatu likampalia. Alikohoa, akapiga benchi, maji yakamtoka puani.

— Mheshimiwa una miaka mingapi? aliuliza mwanamke.

— Ham... hamsini na miwili.

— Mwenzako ana miezi miwili.

Hakuna aliyecheka safari hii. Presha alikuwa anaitazama mikono ya Wakili. Vidole vilikuwa vimetanuka, vyote kumi.

— Wangu naye alizaliwa kabla ya siku zake, alisema mwanamke. Watoto hawa kunyonya ni kazi. Anyonye, ameze, apumue, apumzike. Maziwa yakimjia mbio hivi inabidi achague, na anachagua kupumua. Huo si ubishi.

Aliichukua chupa kwa Wakili, akaiinua chuchu ikapata mwanga.

— Lakini tundu la dukani haliwi hivi. Kingo zimeungua. Nani aliitoboa?

Wakili alikuwa bado anajifuta. Moto alitazama birika. Soli aliichukua ile chuchu, akaisogeza karibu na jicho kama anavyofanya na soli iliyochanika, na mtu aliyeshona miaka ishirini hapotei kwenye tundu la sindano yake mwenyewe. Akainua macho kwa Presha.

— Mimi, alisema Presha.

— Na hizi nyingine?

— Zote. Hizo mbili nilizitoboa hata kabla hajazionja.

Sauti yake ilikuwa ndogo. Akawaeleza, huku anatazama chini: Jumanne mtoto alitumia nusu saa kwa maziwa yasiyozidi kidole kimoja kwenye chupa. Akanyonya, akatulia, akanyonya, akatulia. Yeye akaona njia imebana. Bomba likibana, unapanua. Akaipasha sindano kwenye jiko.

— Nusu saa ndiyo mwendo wake, alisema mwanamke. Alikuwa anafanya kazi, wewe ukadhani amekwama.

Kisha akamwambia bila haraka, kama mtu anayeelekeza njia anayoipita kila siku. Anunue chuchu mpya, ya tundu dogo kabisa, na asiiguse. Amkalishe mtoto, kichwa kimeinuka, chupa ilale. Amguse mdomo tu, asubiri afungue mwenyewe. Vidole vikitanuka, aitoe, ampumzishe. Asimlazimishe hata tone moja, maana sasa ana hofu, na hofu haiishi leo. Na asingoje Jumatatu. Mchana huu ampeleke kliniki apimwe, awaeleze yote.

— Yote, alirudia Presha.

— Mama yake anajua?

Moto alikuwa anazungusha birika kumpa kila mtu cha kushika mkononi. Likatoa tone moja, kisha hewa. Kahawa ilikuwa imekwisha, na hakuna aliyepata kikombe cha kuficha uso.

Siku nne. Siku nne mama Bosi alikuwa akikaa kwenye ukingo wa kitanda na kikombe chake cha kukamulia, akisema labda maziwa yake ndiyo yamekuwa na ladha mbaya. Ameacha vitunguu. Ameacha pilipili. Jana ameacha hata sabuni yake ya kunukia. Presha alikuwa amemshika bega, akamwambia pole. Hakumdanganya. Alinyamaza tu.

Alisimama, akarudisha chupa kwenye mfuko wa spana. Akatoa ile karatasi mfukoni, akaifungua, akaiweka sindano juu ya goti la Soli. Ncha ilikuwa nyeusi kwa moto.

— Ahsante, kaka. Dada, ahsante.

Akaondoka kuelekea duka la dawa. Alifika kwenye nguzo, akasimama hapo kidogo, akageuka, akarudi mpaka mbele ya fundi viatu na kunyoosha kiganja.

— Niazime tena.

— Presha! Unataka kutoboa nini tena, ndugu yangu?

— Sitoboi. Nikianza kumweleza mama yake, nitazunguka zunguka. Nataka nimwekee mkononi kwanza, halafu ndiyo niseme.

Soli aliitazama sindano, akaitazama kazi iliyomngoja, kiatu cha mwanamke kikiwa bado kimening'iniza mkanda wake. Kabla hajajibu, mwanamke alivuta mguu wake mtupu juu ya kile kipande cha boksi, akajiweka vizuri kwenye kigoda.

— Mpe, alisema. Mimi nitasubiri.