Vita Alivyoviona Mwalimu kwa Macho Yake

Ndani ya basi la mji wetu wa Tønsberg watu hawasemeshani. Kila mtu huweka begi kwenye kiti cha pembeni, akakaa kimya. Kwa hiyo bibi Borghild, abiria wa kiti cha jirani, alijua kuna jambo alipoona mama mmoja akilinyanyua begi la mwalimu Asbjørn, akampakatisha mwenyewe, akaketi.

"Mwalimu, binti yangu Sunniva umemkata alama za mtihani kwa nini? Kaandika Wahunni na Waviking hawakupigana. Si kweli?"

"Mama Sunniva, darasa zima limetazama filamu. Wamepigana saa mbili nzima! Yeye alikuwa anaangalia wapi?"

"Wahunni walikwisha zaidi ya miaka mia tatu kabla Waviking hawajatokea, baba wewe! Na alama hiyo inaingia kwenye cheti chake."

"Sasa nikimpa yeye, si itabidi niwanyang'anye wenzake wote?"

Borghild alijaribu kunyamaza kama mtu mwenye adabu. Akashindwa.

"Kitendawili!"

"Tega," mama Sunniva akaitika.

"Adui kesha kufa, mpiganaji hajazaliwa, na vita vimepiganwa."

"Somo la Asbjørn," ikajibu sauti ya nyuma.

Mwalimu akawa mwekundu, akachakarisha begi lake, maana ndivyo tunavyoombana njia bila kusema. Shule ilikuwa bado mbali. Basi likasimama, mlango ukafunguka.

Mama Sunniva hakusogeza hata goti. "Ukitaka nikupishe, sema kwa mdomo, mwalimu. Anza na Wahunni."

Mlango ukafungwa.