Injini Ilizimika Nikiwa na Habiba

Bwana apewe sifa, wapendwa! Mimi ni Sista Mwende, muuguzi. Mnaniona nikiimba kwaya, lakini wengi hamjui nilitolewa wapi.

Mvua ile kubwa ilikuwa imekata barabara ya Garissa. Katika kijiji cha Kotile, nilikokuwa nikifanya kazi, mama kijana aitwaye Habiba alijifungua mtoto wa kike, kisha damu ikakataa kukatika. Ikaletwa ndege ndogo ya injini moja ya kumpeleka hospitali. Nafasi ilikuwa ya mgonjwa na mimi tu. Mama yake, ambaye wote tulimwita Hooyo, yaani mama kwa Kisomali, akabaki uwanjani na kichanga.

"Daktari, hii ni binti yangu moja tu," aliniambia kwa lafudhi yake ya Kisomali. "Nakubatia wewe."

"Nitamrudisha, Mama," nikamjibu.

Tulikuwa juu ya vichaka injini ilipokohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza. Ndugu zangu, ule ukimya! Nilisikia upepo tu ukipita kwenye mabawa.

Rubani akapaza sauti, "Shikilieni! Tunatua hapa hapa!"

Nikamkinga Habiba kwa mwili wangu. Tukagonga ardhi, tukarushwa, tukagonga tena, gurudumu likang'oka, miiba ikakwaruza madirisha, tukasimama pua ikiwa kwenye matope. Hakuna aliyevunjika hata kidole! Nilipiga kelele, "Asante Yesu!"

Lakini damu ya Habiba ilizidi. Rubani aliita kwa redio. Akajibiwa kwamba ndege nyingine itachelewa, na gari haliwezi kuvuka maji. Nilimkandamiza tumbo kwa mikono yote miwili mpaka ikafa ganzi. Wafugaji wa ngamia walikuja mbio, wakatushikia shuka ili tupate kivuli. Nikaomba kwa sauti, nikalia kwa Mungu mbele ya wale Waislamu, nao wakaomba kwa lugha yao.

Habiba akafungua macho. "Sista, maziwa imekuja. Mtoto atanyonya nani?"

Akakata roho mikononi mwangu.

Ndugu zangu, nilirudi nyumbani kwangu, mtaa wa Iftin pale Garissa, nikiwa mzima, na uzima huo ulinichoma. Kwa nini mimi? Chakula kilinishinda. Ndege ikipita angani, nilijificha chini ya meza. Mchungaji alikuja kuniombea, nikakataa kufungua mlango. Nasema ukweli hapa madhabahuni: nilitamani tungeungua wote mle ndegeni.

Alasiri moja Hooyo alibisha, mtoto mgongoni. Nilijua amekuja kunidai binti yake.

Akasema, "Sikuja na ugomfi. Wewe ndiye ulimshika mwisho. Alisema nini?"

Nikamwambia. Akaketi sakafuni, akalia sana. Nami nikalia, mara ya kwanza tangu siku ile. Baadaye akanipa mtoto. "Shika. Wacha mimi niswali."

Aliposujudu pale chumbani kwangu, mtoto akaninyonya kidole. Midomo yangu ikafunguka yenyewe: "Bwana, nihurumie." Haleluya! Ndiyo sala yangu ya kwanza tangu siku ile!

Habiba hakurudi. Bado naota ule ukimya, na sijui kwa nini nilibaki mimi; sitawadanganya. Lakini naamka, naenda kazini, namshukuru Mungu nikilia. Kama kuna mtu hapa anayeona aibu kuwa hai, asitoke leo peke yake. Njoo mbele, hata kama huna neno la kumwambia Mungu. Mimi nitasimama nawe.